Utepe shingoni: uchambuzi wa kisa cha fundi cherehani aliyetibiwa taifodi mara mbili, kumbe ana sonona (ugonjwa wa kushuka moyo)

Kisa hiki ni cha mgonjwa wa kituo kimoja cha afya katika Kanda ya Ziwa, Tanzania. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina limefichwa, na mambo madogo madogo ambayo yangemtambulisha yamebadilishwa. Mimi ni tabibu niliyemhudumia. Nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na pia familia zenye mtu wa namna hii ndani ya nyumba.

Mgonjwa na maisha yake

Nitamwita Mama S. Alikuwa na miaka 43, fundi cherehani mwenye fremu ndogo karibu na stendi. Mumewe yuko kwenye machimbo madogo ya dhahabu, anarudi nyumbani baada ya miezi miwili mitatu. Wana watoto wanne. Mkubwa ameshaolewa, wa pili ni binti aliyekuwa kidato cha pili, na wadogo wawili wako shule ya msingi. Mtaani mama huyu alijulikana kwa sare za shule. Ikifika Desemba, wazazi walipanga foleni mlangoni kwake.

Ndani ya mwaka mmoja yalimkuta mambo mfululizo. Mdogo wake, waliyekuwa wakishona pamoja katika fremu ile ile, aliugua muda mfupi akafariki mwezi wa Oktoba. Cherehani moja kati ya mbili ikauzwa kugharamia msiba. Akakopa kwenye kikundi ili ainunue nyingine. Marejesho yalipombana akachukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza, kisha wa tatu, hii mikopo ya mitaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Kuna jambo jingine tulilolijua baadaye sana: mama yake mzazi aliwahi kujifungia ndani kwa miezi, mara mbili, na ukoo ukaamini amerogwa.

Ziara tano

Kati ya Aprili na mwisho wa Julai alikuja kituoni mara tano. Daftari lake ninalikumbuka karibu neno kwa neno, kwa sababu nimelisoma mara nyingi tangu hapo.

Aprili: kichwa na uchovu. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa parasetamoli. Mei: kichwa tena, tumbo, hana hamu ya kula. Kipimo cha Widal, kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, kikasoma juu, ikaandikwa taifodi, siprofloksasini siku saba. Juni: mgongo na kiuno, mkojo ukapimwa, ikaandikwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mapema Julai: tumbo linawaka, usingizi hauji. Widal tena, taifodi tena, safari hii kwa sindano, na dawa ya vidonda vya tumbo juu yake. Mwisho wa Julai: moyo kwenda mbio. Presha ilisoma 148/94 mara moja tu, akaambiwa apunguze chumvi.

Ziara ya pili na ya nne niliziandika mimi. Mwandiko ni wangu.

Kila ziara ukiitazama peke yake inaeleweka: foleni ndefu, mgonjwa anasema kichwa, unatibu kichwa. Lakini katika ukingo wa kila ukurasa muuguzi alikuwa ameandika uzito. Aprili kilo 68. Julai kilo 61. Zilipotea kilo saba kwenye karatasi zetu wenyewe na hakuna aliyefunua ukurasa wa nyuma.

Katikati ya ziara hizo alipelekwa pia kwenye maombi, akafunga siku tatu. Alitoka huko ametulia moyo kidogo, anasema, lakini mwili umezidi kuishiwa nguvu.

Siku ya swali

Agosti alikuja na binti yake. Tulisalimiana, shikamoo mama, marahaba daktari, akakaa. Shingoni alikuwa na utepe wa kupimia, ule wa mafundi, umening'inia pande zote mbili za kifua. Nikasema, ili tu tuanze mahali, kwamba naona kazi ni nyingi siku hizi.

Binti ndiye aliyejibu. "Mama hashoni, daktari. Anauvaa kila asubuhi, halafu anarudi kulala."

Nikamuuliza mama ni tangu lini. Alikaa kimya muda mrefu, akaanza kuukunja ule utepe kidoleni, akaukunjua, akaukunja tena. Kisha akasema, "Tangu Pasaka."

Chumba changu kina pazia, hakina mlango. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na watu si chini ya kumi, na wengi wao ni wateja wake. Nilimwomba binti asubiri kwenye benchi, nikamwomba mama tuhamie chumba cha chanjo, kilichokuwa kitupu wakati ule wa mchana. Kule ndiko alikosema.

Hakusema ana huzuni. Alisema kichwa kinawaka moto. Alisema ana mawazo, usingizi unamkatika saa tisa za usiku na hauji tena. Alisema vitambaa vya watu vimejaa kwenye fremu, anavijua vyote vya nani, lakini akishika mkasi mkono unakuwa mzito kama si wake. Wimbo wa kwaya anausikia kwa mbali. Na aliona amekuwa mzigo kwa watoto wake.

Nikamuuliza, "Mama, kuna wakati unaona afadhali usiwepo?"

"Nikilala naomba nisiamke."

Nikaendelea kuuliza, taratibu: amewahi kufikiria kujitoa uhai, amepanga namna, ana kitu cha kufanyia, nini kinamzuia. Fikra ilimjia mara kadhaa mwezi ule. Hakuwa na mpango, wala hakuwa amejaribu. Kilichomzuia ni watoto. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitapeleka habari hii polisi. Swali hilo halikutoka hewani. Katika nchi yetu kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na watu wanalijua hilo kwa kusikia. Nilimweleza kwamba kuwa na fikra hizo si kosa, ni dalili ya ugonjwa, na aliyoniambia yatabaki kwa wanaomtibu, isipokuwa pale tutakapokubaliana amwambie mtu wa kumlinda. (Kwa jirani zetu wa Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha katiba. Natamani tufike huko, maana sheria hii inawafunga midomo watu wale wale tunaotaka waseme.)

Tulijaza dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linalouliza mambo ya wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Yeye alipata 19. Kuanzia 10 ni sonona inayostahili kushughulikiwa, na kuanzia 15 ni nzito kiasi.

Tuliamua nini, na kwa nini

Kwanza tulitafuta vinavyofanana na sonona. Wingi wa damu ulikuwa 10.6, upungufu wa wastani usiotosha kueleza yote haya, akaanzishwa vidonge vya madini ya chuma. VVU, ujauzito na sukari: hakuna. Presha iliporudiwa akiwa ametulia ilisoma 126/82. Pombe hanywi. Nilimuuliza pia kama aliwahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, halali wala hachoki, anatumia fedha ovyo na kuongea bila kituo. Swali hili halirukwi, kwa sababu mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa juu vibaya. Hakuwahi.

Uamuzi wa pili ulikuwa dawa. Duka letu la ndani lilikuwa na amitriptilini tu. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, inaleta usingizi, na mkono ulishaanza kuiandika. Lakini ikimezwa nyingi kwa pamoja inadhuru moyo, na mbele yangu alikuwa mtu aliyetoka kuniambia anaomba asiamke. Nilimpigia muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya. Ushauri wake: fluoksetini miligramu 20 asubuhi, itoke kwa wiki moja moja, na ikae kwa mtu mwingine. Ilifika baada ya siku mbili kwa gari la wagonjwa.

Hatukumlaza. Hakuwa na mpango, alikubali matibabu, na kumtenga na watoto kungemwondolea kile kile kilichomshikilia. Tulikubaliana ishara zitakazomrudisha kituoni saa yoyote, namba ya kupiga, na nani atalala naye nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijalisahau. Dawa nilimkabidhi binti, na yeye ndiye niliyemwambia alale na mama yake. Alikuwa pale, alikuwa mwerevu, na baba yuko machimboni. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Uamuzi wa mwisho ulihusu maisha yenyewe. Kidonge hakilipi marejesho. Tulipanga mambo mawili kwa kila wiki: kazi ndogo ya mikono, na tatizo moja la kulikabili kwa vitendo.

Wiki kumi na mbili za kwanza

Siku ya nne alipiga simu: kichefuchefu na mwili hautulii. Tulikuwa tumemwambia kabla kwamba itakuwa hivyo, na kwamba nafuu ya moyo huja baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Kwa kuwa alilitarajia, hakuacha.

Wiki ya pili mwalimu wa darasa la binti alikuja kituoni kuulizia. Mtoto hakuwa amefika shule siku tisa. Alikuwa anamlinda mama yake. Usiku halali, anasikiliza pumzi. Mchana anapika na kuchunga dawa. Nilikuwa nimemtwisha mtoto wa miaka 16 mzigo wa mtu mzima. Siku hiyo hiyo tulienda nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii, tukaongea na shangazi wa watoto, dada wa mume, anayekaa nyumba ya tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mbona hamkuniita?" Alihamia jioni ile na mkeka wake. Dawa zikawa zake. Binti akarudi shule Jumatatu.

Kazi ya mikono ilianza kwa kiwango ambacho kwa mtu mzima kinaonekana kama mchezo: fungua mlango wa fremu, kaa dakika kumi, funga, rudi. Hakuna kushona. Sonona humwambia mgonjwa asubiri hamu irudi ndipo afanye, na hamu hairudi kwa sababu hafanyi chochote. Tunaanza na tendo, hamu inafuata nyuma polepole. Wiki ya tatu alishona vifungo vya shati moja. Shangazi alinionyesha lile shati: vifungo sita, cha tatu kimepishana kidogo. Wiki ya tano alirudisha vitambaa vya wateja watatu ambavyo hawezi kuvimaliza, akawaomba radhi, na wawili kati yao wakamwachia.

Madeni aliyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, penye kifua, kiuno na urefu. Kikundi shilingi 400,000. Mkopeshaji wa pili 250,000. Wa tatu 180,000, na huyu ndiye aliyekuwa akimtuma kijana kusimama mlangoni kila Ijumaa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alikubali kukaa naye. Kikundi kilimruhusu alipe nusu ya rejesho kwa miezi mitatu. Yule wa tatu alipoombwa leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hakuwa nayo, na kijana wa Ijumaa hakuonekana tena. Deni alilipa, ila kwa utaratibu wa kibinadamu. Nasema wazi kwamba wiki hiyo ilimshusha mabegani kitu ambacho hakuna dawa yangu ingekishusha.

Wiki ya sita alama zilikuwa 11. Wiki ya kumi na mbili, 6. Fikra za kutokuwepo hakuwa nazo tangu wiki ya nne.

Kuanguka tena

Desemba sare zikaja. Alishona hadi usiku, akafurahi, nasi tukafurahi. Katikati ya Desemba aliacha dawa. Alikuwa anajisikia mzima, na jirani alikuwa ameona pakiti akamwambia hizo ni dawa za vichaa. Miadi ya Januari hakuja. Tulidhani ni msimu wa kazi.

Katikati ya Februari shangazi alikuja peke yake. "Ameanza kuuvaa ule utepe na kulala."

Alama 16. Usingizi umekatika upya, lakini fikra za kujidhuru hapana, na safari hii alikuja mwenyewe siku iliyofuata, akakaa, akasema kwanza kabla sijauliza. Tulirudisha dozi ile ile. Tulirudisha pia dakika kumi za fremu. Mwezi wa Mei alama zilikuwa 4. Mume alipokuja Pasaka tulikaa naye pia, na hapo ndipo habari ya mama mkwe wake ilipotoka, ile ya kujifungia ndani. Mama S. aliisikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni. Alisema tangu utotoni ameogopa kwamba laana ile itamfikia, na kwamba kujua ni ugonjwa unaotembea kwenye damu ya baadhi ya familia, na unatibika, ni kama kufunguliwa dirisha.

Ataendelea na dawa mwaka mzima tangu apate nafuu ya pili, na ataiacha taratibu, si peke yake.

Uchambuzi

Kosa la miezi minne halikuwa la maabara, ingawa maabara ilitusaidia kukosea. Widal moja, katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na vimelea hivyo au chanjo yake, inaweza kusoma juu bila taifodi yoyote. Tunalijua, tulifundishwa, na bado tunaiandika kwa sababu inatupa jina la kumpa mgonjwa anayesubiri. Sonona haina karatasi ya majibu.

Nimefikiri sana kuhusu lugha. Mama S. alikuwa anatuambia tangu Aprili. "Nina mawazo" kwa Kiswahili si taarifa ndogo. Ni malalamiko kamili ya kitabibu, sawa na mtu kusema ana homa, na yanastahili maswali yake: tangu lini, usiku inakuwaje, imekuzuia kufanya nini. Wazimbabwe wanaozungumza Kishona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na mabibi wa Harare walianzisha mwaka 2006 huduma ya benchi, bibi aliyefunzwa akikaa na mgonjwa kutafuta namna ya kukabili tatizo moja moja. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili za waliokaa benchi zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Shangazi wa kisa hiki hakufunzwa na yeyote, lakini kazi aliyofanya jioni kwa jioni ilikuwa ya jamii hiyo. Tungemtafuta siku ya kwanza tungempata siku ya kwanza.

Swali la kujiua liliokoa. Bado kuna watumishi wanaoogopa kwamba ukiuliza utamtia mtu wazo. Halipandwi kwa kuulizwa. Mama S. aliniambia baadaye kwamba aliposikia swali, alijua kwa mara ya kwanza kuwa yaliyomo kichwani mwake yana jina na si yeye wa kwanza kuwa nayo.

Kuhusu kuacha dawa, lawama si ya jirani. Tulimweleza vizuri wiki mbili za mwanzo, hatukumweleza mwezi wa nne wa matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Sentensi hiyo ilipaswa kurudiwa Novemba, alipokuwa anacheka, kwa maana mtu anayecheka ndiye anayeacha. Na miadi iliyokosekana Januari ilipaswa kufuatwa kama tunavyomfuata mgonjwa wa kifua kikuu aliyepotea.

Maombi sikuyakataza na sijutii. Nilimwomba tu asifunge akiwa na uzito ule, na mchungaji wake, alipoelezwa kwa ridhaa yake, ndiye aliyewaambia wanakwaya wamtembelee nyumbani wawili wawili, bila kumhoji.

Kituoni tumebadilisha mambo machache. Uzito wa ziara iliyopita sasa unaandikwa kando ya wa leo, katika mstari mmoja. Anayerudi mara ya tatu na maumivu yasiyopata mahali anaulizwa maswali mawili ya mwanzo ya dodoso kabla ya kwenda maabara: hamu ya kufanya mambo, na kujisikia mnyonge au kukata tamaa. Fluoksetini tunaiagiza, ingawa haifiki kila mwezi. Chumba changu bado kina pazia. Mlango tumeuomba. Kwa sasa, saa nane mchana chanjo zikiisha, chumba kile tunakifunga kwa komeo la ndani na kuweka viti viwili, na juzi Jumanne aliyekaa kwenye kiti cha pili alikuwa mama mwingine, ameletwa na Mama S. mwenyewe, ambaye alibaki nje kwenye benchi akipinda upindo wa sketi kwa mkono.